ELIMU ILIYOMO SIMUNI, NA MWENYE KUISEMA



Katika darsa yetu hapa Ndara paliulizwa suala la mirathi. Mtu amefariki, hakuacha mtoto. Mkewe apate nini? Mwanafunzi mmoja akafungua simu yake, katika programu anamowekea ayasomayo kwenye intaneti, akasoma kwa Kiarabu fasaha kwamba mke hurithi thumni. Nami, kwa ufasaha ule, nilikaribia kukubali. Kisha tukafungua Sura An-Nisaa, aya ya 12: thumni ni ya mke ambaye mumewe ameacha mtoto, na akiwa hakuacha, mkewe hupata robo. Mwanafunzi alinakili hukumu, akaliacha sharti lake. Lau tungaliishia hapo, mjane angalipokonywa nusu ya haki yake.

Programu hizi hatuzilaumu. Zamani aliyetaka kitabu huku Taita alifunga safari ya Mombasa au Lamu. Leo Maktaba Shamila ina maelfu ya vitabu, na programu iitwayo Zotero, uhifadhipo makala, mara nyingi huandika yenyewe jina la mtungaji, tarehe na anwani ya ukurasa. Tena neno la miaka mitatu nyuma hulipata kwa kulitafuta mara moja, jambo ambalo madaftari yangu, yaliyoliwa na mchwa, hayakuniwezesha kamwe.

Ubaya umo katika kunakili. Maulamaa waliotutangulia, wamalizapo kunukuu maneno ya mtu, huandika "intaha", yaani yamekwisha. Na waanzapo yao huandika "qultu", nimesema. Kwa alama mbili hizo msomaji hachanganyi kauli ya Imamu na kauli ya mwenye kumsherehesha. Leo mtu hubonyeza tu, maneno yakaingia. Baada ya mwezi hajui ni ya Nawawi, au ya mtu asiyejulikana, au yake mwenyewe. Ndivyo yanavyoenea yale ya kutafuta elimu hata Uchina, yakinasibishwa na Mtume (s.a.w.), ilhali Ibnul Jauzi ameyatia katika kitabu chake cha hadithi za uongo.

Basi kila uhifadhipo, andika jina la kitabu, juzuu, ukurasa na chapa. Chukua na yaliyotangulia na yanayofuata. Kisha utie intaha yako. Na nakala ikae ndani ya simu yenyewe, kwani mtandao wa huku kwetu huja na kuondoka.

Darsa ijayo ni ya mafungu ya mirathi. Yule mwanafunzi ameombwa ayaandike upya, naye amekubali kuyasoma mbele yetu, kila fungu na sharti lake.