SOMO LA AFYA: HUZUNI ISIYOISHA NI UGONJWA

Kila mtu huhuzunika. Lakini huzuni ikikaa majuma mawili au zaidi, usingizi ukapotea, chakula kikakosa ladha na mambo uliyopenda yasikufurahishe tena, huo ni ugonjwa. Si uvivu, wala si kurogwa. Mgonjwa wa malaria hatumwambii ajikaze, tunampeleka atibiwe. Huu nao una matibabu.

Ufanye nini?

1. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

2. Nenda zahanati, ueleze yote, hata kama umefikiria kujiua. Usiogope polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume cha Katiba.

3. Ukipewa dawa, vumilia. Nafuu huchukua majuma kadhaa. Usiziache bila kumwuliza daktari.

Nawe jirani, usimkemee. Keti naye, msikilize, kisha mwende pamoja. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake.

Kwa majadiliano: Katika kikundi chenu, ni nani amenyamaza siku hizi? Nani atamtembelea juma hili?