Kompyuta Ikiganda Wakati wa Kuwaka: Usikimbilie Kupiga Windows

Umebonyeza kitufe, nembo imetokea, kile kiduara kinazunguka na kuzunguka, kisha basi. Mausi haisogei, kibodi haijibu. Ukiuliza mtaani, jibu ni moja: piga Windows, yaani ifute na kuisimika upya. Mara nyingine ni jibu sahihi. Lakini ukipiga Windows kabla ya kujua chanzo, unaweza kupoteza picha, mahesabu ya duka na tasnifu ya mwanao kwa mkupuo mmoja. Kama diski ndiyo inayokufa, tatizo litarudi. Na kama mlikuwa na programu jasusi ndani, nywila zako zimeshaondoka, na hakuna Windows mpya itakayozirudisha. Vidokezo hivi ni vya mwenye Windows 10 au 11 aliye tayari kutulia kidogo na kuikagua mashine yake mwenyewe.

1. Tazama imegandia wapi.
Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulivuka. Ikiganda kabla ya nembo ya kiwanda, au ikitoa milio ya bip na kioo kikabaki cheusi, Windows haijahusika bado: shuku RAM, umeme au kifaa kilichochomekwa. Ikipita nembo ikakwama kwenye kiduara, shuku diski, draiva, au masasisho yaliyokatika njiani. Ikifika hadi unapoandika nywila, kisha ikakwama ukishaona picha ya mbele, basi mara nyingi ni msururu wa programu zinazojiwasha, na humo ndimo jasusi hupenda kujibanza. Andika unachokiona kwenye karatasi. Hata ukienda kwa fundi, maelezo hayo yatampunguzia kazi na wewe yatakupunguzia gharama.

2. Chomoa kila kitu.
Flashi, printa, modemu, kadi ya kamera, waya wa simu. Acha chaji tu, na kibodi na mausi kama ni kompyuta ya mezani. Flashi iliyosahaulika inaweza kuifanya mashine ijaribu kuwakia humo badala ya kwenye diski yake.

3. Ikisema inajisasisha, iache.
Kwenye mashine ya diski ya kizamani, ile ya kuzunguka, masasisho makubwa yanaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Kuizima kwa nguvu katikati ndiko kunakoharibu mafaili ya Windows. Umeme kukatika kunafanya vivyo hivyo, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani na anunue UPS kabla hajanunua spika.

4. Jifunze njia ya kuingia Safe Mode.
Hapa Windows huwaka na vitu vya lazima tu, bila mapambo wala programu za kuongezwa. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingilia, shikilia Shift huku ukibofya Restart. Kama hufiki hata hapo, washa mashine, na Windows inapoanza kupanda shikilia kitufe cha kuzimia hadi izime. Rudia. Kwa kawaida baada ya kukatizwa mara mbili, safari inayofuata italeta ukurasa wa kujitengeneza. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart. Orodha ikija, bonyeza 4. Au 5 kama unahitaji intaneti.

Inaweza kukudai namba ya BitLocker yenye tarakimu 48. Usitishike. Kwa mashine nyingi za nyumbani namba hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na unaweza kuisoma kwa simu. Ni vyema uitafute leo, kabla ya siku ya shida.

Sasa soma matokeo. Mashine ikitulia vizuri kwenye Safe Mode, mkosaji ni kitu kilichoongezwa: draiva, antivirusi, programu fulani, au jasusi. Ikiganda hata humo, uwezekano mkubwa ni diski, RAM au joto.

5. Okoa faili kabla ya kutengeneza chochote.
Ukishapata upenyo wa kuingia, nakili kwanza. Chukua nyaraka, picha na mahesabu. Usichukue programu wala faili zinazoishia na .exe, maana huenda ndimo mdudu alimo.

6. Sikiliza diski.
Diski ya kuzunguka inayogonga tik-tik inaaga. Isiyogonga nayo inaweza kuwa mgonjwa: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama safu ya Disk, na kama imekaa asilimia 100 wakati hufanyi chochote, usipuuze. CrystalDiskInfo ni programu ya bure inayosoma afya ya diski na kukuonyesha hali yake kwa rangi. Ikikuonya, usianze kuikimbiza kwa chkdsk, kwani ukaguzi huo huitumikisha diski kwa nguvu na unaweza kuimalizia. Nakili, kisha badilisha. Kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ni matengenezo ambayo mtu huyaona kwa macho siku hiyo hiyo, na mimi ningeweka fedha hapo kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine.

Diski ikiwa nzima lakini ukahisi mafaili ya Windows yameharibika, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika sfc /scannow, na uache kikague hadi mwisho.

7. Punguza programu zinazojiwasha.
Kwenye hicho kidirisha cha Ctrl, Shift na Esc kuna sehemu ya Startup apps. Zima kila usichokihitaji dakika ya kwanza: kicheza muziki, programu ya mikutano, msaidizi wa printa. Kuzima hapa si kufuta, hivyo usiogope. Kisha angalia majina usiyoyajua. Bofya kwa kitufe cha kulia na ufungue mahali faili lilipo. Jina la herufi zisizo na maana, lisilo na mchapishaji, lililojificha ndani ya Temp au AppData, linastahili kushukiwa. Ila angalia: programu nyingi za halali nazo hukaa AppData, kwa hiyo mahali peke yake si ushahidi.

Bado inaganda? Fungua msconfig, nenda Services, weka alama ya kuficha huduma zote za Microsoft, kisha zima zilizobaki na uwashe upya. Ikiwaka vizuri, rudisha nusu yake. Ikiganda, mkosaji yumo kwenye nusu hiyo. Endelea kugawa hadi umpate. Ni kazi ya subira, lakini inatoa jibu badala ya dhana.

8. Usivilaumu virusi kabla ya kuikagua antivirusi.
Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilikwama wakati wa kuwaka. Safari za ndege ziliahirishwa, baadhi ya huduma za hospitali na benki zikasimama. Hakuna mdukuzi aliyehusika: lilikuwa faili bovu la masasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Dawa yake ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili hilo, mashine moja baada ya nyingine. Nyumbani kwako tatizo linalofanana na hilo ni antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, zikigombania kila faili linalofunguliwa. Bakiza moja.

9. Zijue dalili za jasusi.
Jasusi mzuri hataki umtambue, kwa hiyo mashine kuwa nzito peke yake haithibitishi kitu. Dalili zenye uzito ni hizi. Antivirusi imejizima na haikubali kuwashwa. Ukurasa wa kutafutia kwenye kivinjari umebadilika bila wewe kuugusa. Kuna kiendelezi cha kivinjari usichokiweka. Taa ya kamera inawaka wakati huna mazungumzo. Na bando linaisha upesi kuliko matumizi yako: nenda kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya Data usage, utaona kila programu imekula kiasi gani. Kwa sisi tunaonunua bando kwa siku, kipimo hiki ni cha thamani kubwa.

Kidirisha kinachopiga kelele kuwa kompyuta yako ina virusi na kukupa namba ya simu ya kupiga ni utapeli. Maonyo halisi ya Microsoft hayabebi namba ya simu.

10. Safisha kwa mpangilio.
Sasisha kwanza Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, halafu kata intaneti. Kisha fungua Windows Security, sehemu ya virusi, Scan options, na uchague ukaguzi wa nje ya mtandao, yaani offline scan. Mashine itajiwasha upya na kukagua diski kabla Windows haijapanda, wakati jasusi hajapata nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15.

Ukirudi, tazama mahali wengi hawapafiki: orodha ya Exclusions, mafolda ambayo Defender imeambiwa isiyaguse. Wadudu wengi hujiandikisha humo wenyewe. Ukikuta folda usiyoiweka wewe, iondoe kwenye orodha na ukague upya. Kisha pata maoni ya pili kutoka chombo kingine cha bure, kama Malwarebytes au kikaguzi cha mtandaoni cha ESET, ukikipakua kwenye tovuti ya mwenyewe na si kwenye kiungo ulichotumiwa.

11. Flashi ya steshenari.
Ukirudi nyumbani na flashi uliyoichomeka kwenye kompyuta ya steshenari, ukakuta kila folda imekuwa njia ya mkato, usibofye hata moja. Kubofya ndiko kunakomwasha mdudu. Mara nyingi faili zako zimo, ila zimefichwa. Kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwenye kidirisha cha amri na zitaonekana. Nakili zako, kisha fomati flashi. Na usiitumie tena kabla hujaikagua kompyuta ilimochomekwa.

12. Achana na Windows na Office zilizokrakiwa.
Nasema hili nikijua bei za leseni na kipato cha wanafunzi. Vile vifungulio vya bure vinakutaka uzime antivirusi kabla ya kuvitumia, na ukishaizima umempa mgeni usiyemjua funguo zote. Mwaka 2021 watafiti walibaini nakala za KMSPico, kimojawapo cha vifungulio hivyo, zilizobeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. LibreOffice ni bure, halali, na inatosha kwa barua, bajeti na tasnifu.

13. Badilisha nywila kutoka kifaa kingine.
Kidokezo hiki ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho ningekiweka cha kwanza kama kungekuwa na nafasi moja tu. Programu jasusi za siku hizi zinachota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na kuki zinazoruhusu mtu aingie bila nywila. Mwezi Mei 2025 Microsoft na washirika wake waliivunja mitambo ya Lumma, moja ya programu hizo, baada ya kubaini kompyuta zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa kati ya Machi na Mei mwaka huo.

Kwa hiyo tumia simu au kompyuta safi. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. Badilisha nywila, kisha chagua kujiondoa kwenye vifaa vyote, ili kuki zilizoibwa zife. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Angalia kama barua pepe yako imewekewa amri ya kupeleka nakala kwa mtu mwingine. Fungua WhatsApp kwenye simu, tazama vifaa vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua. Kama ulikuwa ukiingia benki kupitia mashine hiyo, wapigie benki siku hiyo hiyo.

14. Kama unamshuku mtu unayemfahamu, usifute haraka.
Si kila jasusi anatoka ng'ambo. Wengine huwekwa na mume, mke, mchumba wa zamani, au mtu aliyeishika mashine kwa nusu saa. Ukimfuta ghafla, aliyemweka atajua, na kama ni mtu mwenye ukali unaweza kujiweka hatarini. Wasiliana na unayemwamini kwa kutumia kifaa kingine, piga picha za unachokiona, panga usalama wako, ndipo usafishe. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya kwa sheria ya 2018. Kompyuta ya ofisi ni suala jingine: mwajiri anaweza kuwa ameweka programu za usimamizi, kwa hiyo uliza idara ya TEHAMA kabla ya kuondoa kitu.

Na ukimpelekea fundi mashine, usimwachie nywila ya barua pepe. Ukiichukua mashine, angalia kama AnyDesk au TeamViewer, programu za kuiendesha kompyuta kutoka mbali, imebaki humo bila wewe kuiomba.

15. Lini upige Windows?
Pale jasusi anaporudi baada ya kusafishwa, au pale ambapo huwezi tena kuiamini mashine kwa kazi za fedha. Tengeneza flashi ya kusimikia kwa chombo cha Microsoft chenyewe, kwenye kompyuta safi. Flashi ya GB 8 inatosha. Futa sehemu zote za diski ya Windows wakati wa kusimika, na ukague faili zako kabla ya kuzirudisha. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine haiwezi kuibeba, Linux Mint ni bure na itaipa miaka mingine ya kazi.

Na wewe ambaye kompyuta yako imewaka vizuri asubuhi hii, tafuta diski ya nje, nakili faili zako jioni ya leo, kisha ichomoe uiweke mbali na mashine.