Dondoo muhimu: Bunduki ya marehemu
Ukikuta bunduki ya kuwindia kwenye kabati la mzee wako Mji wa Kale, usiibebe vichochoroni kuipeleka kituoni. Waite polisi waje. Leseni ya marehemu hairithiwi, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Usimpe fundi wa mtaani bunduki hiyo achonge chemba ipokee risasi ndefu zilizojazwa kwa mkono. Risasi ikizidi urefu, ncha hukwama kwenye misokoto ya mtutu na shinikizo hupanda kwa hatari. Ukivuta bolti, ganda huweza kutoka peke yake, baruti ikamwagika ndani.

Mwenye leseni naye aepuke kuhifadhi bunduki kwenye mkoba wa ngozi: hushika unyevu wa bahari, chuma kikapata kutu. Matengenezo yote mwachie fundi aliyeidhinishwa.