Somo la Mwezi: Bustani Ndani ya Gunia

Mwezi huu tunataka kujifunza pamoja habari ya kupanda mboga katika magunia na ndoo. Wengine watauliza, je, hili nalo ni somo la kanisa? Basi tufungue Biblia zetu, Yeremia 28 na 29.

Watu wengi wa Yuda walikuwa wamekwisha kuhamishwa Babeli. Huko Yerusalemu nabii Hanania akatangaza kwamba baada ya miaka 2 watarudi. Maneno matamu, lakini Mungu hakumtuma. Yeremia akawaandikia wale wa Babeli barua nyingine kabisa: wajenge, wapande bustani na kula mazao yake, kwa maana miaka itakuwa 70. Na katika barua hiyo hiyo Mungu anaahidi kuwarudisha kwao. Tuangalie vizuri hapo. Mtu anayepanda hajakataa kurudi nyumbani.

Hapa Dzaleka tunasikia mara nyingi, "Mimi ni mpita njia, nipande kwa nini? Nangojea jina langu litoke." Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994. Kuna watoto waliozaliwa hapa ambao leo nao ni baba na mama. Lakini lenga-lenga, ambalo wenyeji wetu wanaliita bonongwe, tunaanza kulichuma baada ya wiki 4 hivi. Hata yule ambaye jina lake litatoka karibuni atakula, na gunia atamwachia jirani.

Shida kubwa ni nafasi. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hivi, na leo tumepita 50,000. Mwaka 2023, ndugu wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje waliporudishwa, nyumba zilibanana zaidi. Shamba hatuna. Lakini gunia moja linasimama mlangoni mahali pa kiti kimoja, na linabeba miche 30 au zaidi.

Tufanye hivi. Tutwae gunia la kilo 50 la plastiki lililofumwa. Tuchanganye udongo mzuri ndoo 3 na samadi ya mbuzi au ya kuku ndoo 1. Samadi iwe imeoza vizuri, miezi 2 au 3. Ile mbichi inaunguza mizizi. Kisha tutafute kopo la mafuta, tulitoboe chini na juu liwe kama bomba, tulisimamishe katikati ya gunia na kulijaza mawe madogo. Tujaze udongo kuzunguka kopo, tulivute juu taratibu, mawe yabaki, tujaze tena, hivyo hivyo mpaka juu. Nguzo hii ya mawe ndiyo siri ya kazi yote. Bila hiyo maji yanabaki juu, na miche ya chini inakufa kwa kiu huku ya juu inaoza.

Tumwagie maji siku 2 au 3 udongo ushuke. Halafu tutoboe matundu madogo pembeni, shubiri moja kati ya tundu na tundu, yasifuatane mstari mmoja. Miche tuiandae mapema katika beseni bovu, na tuihamishe jioni jua likishapungua. Pembeni tupande lenga-lenga, chainizi au spinachi, juu vitunguu majani. Nyanya inapenda ndoo yake peke yake, yenye matundu chini na kijiti cha kuegemea. Marakuja nayo inakubali gunia na itapanda juu ya nyumba, ila inataka uvumilivu wa miezi mingi. Papai ndani ya ndoo, tusidanganyane.

Tuwe waangalifu na vyombo. Kidumu kilichokuwa na dawa ya wadudu, rangi au oili ya gari kisitumike hata kikioshwa mara kumi.

Sasa maji. Tunajua foleni ya bombani, na hatutamwambia mama aliyeamka saa kumi usiku amwage ndoo safi kwenye gunia. Maji ya kuoshea mchele, maharage na mboga yanafaa sana. Ya kuoga yenye sabuni kidogo tuyamwage kwenye nguzo ya mawe, siyo juu ya majani. Yenye jiki au sabuni nyingi ya unga tuyaache. Wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Oktoba, tufunike udongo wa juu kwa nyasi kavu.

Kwa nini tujisumbue hivi? Msaada, uwe wa unga au wa pesa, ukipungua, mboga ndiyo inayotoka kwanza kwenye sahani. Majani ya kijani yana vitamini A inayolinda macho ya watoto, na mwili unaipokea vizuri tukiweka mafuta kidogo. Wamama, tusipike lenga-lenga mpaka liwe jeusi! Sombe ni habari nyingine, ile lazima iive sana.

Tukichuma, tuchukue majani ya nje tu, moyo wa mmea ubaki, nao utatoa tena. Na katika kila gunia tuache mashina 2 ya lenga-lenga yazae mbegu. Zikikauka tuzipukute, tuzifunge katika karatasi, nusu yetu, nusu ya yule aliyefika kambini juzi.