Nyasi za Kushika Ukingo wa Bwawa la Samaki

Mvua ya Machi ikianza, mkulima mwenye bwawa jipya hulala akisikiliza paa. Ana sababu ya kuogopa. Mashamba yetu ya Nkubu yana miteremko, na udongo mwekundu ukiisha kuchimbwa huchukuliwa na maji upesi. Nimeona ukingo uliokatika usiku mmoja. Asubuhi vifaranga vyote vilivyonunuliwa kwa fedha vilikuwa vimekwenda mtoni, na mwenyewe amesimama na ndoo mkononi.

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, katika majimbo 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Tangu wakati ule watu wengi wa Meru wamejua tilapia. Lakini mara nyingi nikipita mashambani naona shimo zuri, maji mazuri, na ukingo mtupu kama kichwa kilichonyolewa.

Kazi ya nyasi huanza siku ya kuchimba. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uwekwe kando. Ukingo ukiisha kushindiliwa, urudishe udongo ule juu yake, unene wa inchi nne hivi. Nyasi zikipandwa katika udongo wa chini hudhoofika, na mkulima hulaumu mbegu bure.

Sasa utauliza, nyasi gani? Hapa kwetu nyasi za kikuyu zinafaa sana, kwa kuwa hutambaa na kutia mizizi kila kifundo. Huna haja ya kununua. Kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, uviweke kivulini ndani ya gunia lililoloweshwa, uvipande siku ile ile. Chimba vijifereji vinavyokata mteremko, si vya kushuka nao, maana vya kushuka vitakuwa njia ya maji. Laza kipande, fukia vifundo viwili, acha ncha nje, kisha kanyaga kwa mguu. Nafasi ya futi moja yatosha. Mwenye haraka apande kwa nusu futi. Panda mvua inapoanza, na jua likirudi mwagilia jioni.

Ng'ombe na mbuzi wasipande ukingoni hata kidogo. Kwato moja huharibu kazi ya wiki nzima. Nyasi zikishika, kata kwa panga uwapelekee zizini. Usipande miti pale, kwa sababu mizizi yake hufungulia maji njia.

Je, utajuaje kama ukingo umepona? Tumbukiza mkono bwawani mpaka kiwiko. Kama vidole havionekani kwa sababu maji ni ya kijani, hivyo ni vimea vidogo, chakula cha tilapia. Kama havionekani kwa sababu ya wekundu, udongo bado unaingia, mwanga wa jua haupiti, na vimea hivyo havioti. Rudi utafute mahali palipo wazi upande tena.

Jambo moja zaidi. Nyasi hizi ni rafiki ukingoni, lakini katika kahawa ni adui, na sisi tuliozing'oa kwa jembe tangu utoto tunazijua. Chimba mfereji mdogo kati ya bwawa na kahawa, na kila mwezi ukate zile zilizovuka.