Ukimwita Mbwa Wako, Anakuja au Anakimbia?



Leo naomba tuongee kuhusu mbwa. Ndiyo, mbwa. Wengi wetu tumekua na mbwa nyumbani, ila hakuna aliyetufundisha namna ya kuishi naye. Anabweka usiku, anapewa ugali uliobaki, na mchana anaambiwa “toka hapa!” Basi.

Nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa falsafa. Balozi akapita kutangaza kwamba afisa mifugo atakuwa uwanjani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nikachukua kamba, nikamwita Jimi wetu. Jimi akasimama hatua kumi hivi kutoka nilipo, mkia kauficha katikati ya miguu, ananiangalia tu. Nikasogea, naye akasogea. Nikapandisha sauti, akapenya kwenye migomba, akatokomea. Mpaka afisa anafunga kiboksi chake cha barafu, mimi bado nazunguka na kamba mkononi, watoto wa jirani wananicheka.

Tungeweza kucheka wote, kama isingekuwa kichaa cha mbwa. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huo, karibu kila mara anakufa, na wengi huupata kwa kung’atwa na mbwa. (Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua.) Nyumbani kwetu kuna watoto watatu wadogo wanaocheza na Jimi kila siku.

Sasa kwa nini alinikimbia? Nilijua jibu, nilikuwa sitaki tu kulikiri. Wiki mbili kabla, alitoroka getini. Nikamwita karibu nusu saa. Mwishowe akaja, anatikisa mkia, na mimi kwa hasira nikamchapa na ndala. Nilidhani namwadhibu kwa kutoroka, kumbe yeye alielewa jambo jingine kabisa: nimeitwa, nimekuja, nimepigwa.

Darasani tulikuwa tumemsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Anasema kondoo hamkimbii mbwa mwitu kwa sababu ya rangi au umbo lake, ila kwa kuwa anamtambua kama adui. Mnyama hana akili ya kujenga hoja kama sisi, lakini ana uwezo wa kutambua kipi kinamfaa na kipi kinamdhuru, tena anakumbuka. Mtihani nilifaulu. Halafu nikaenda nyumbani, nikajiweka upande wa mbwa mwitu.

Utasikia mtu anasema, “Lakini anajua amekosea, si unamwona anavyoinamisha kichwa!” Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima hilo. Mbwa walikatazwa kula kitu fulani, kisha wenye mbwa wakatoka. Waliporudi, wengine waliambiwa mbwa wao amekula wakati hakugusa kitu. Ikaonekana kwamba ule uso wa “nimekosa” unafuata karipio la mwenye mbwa. Aliyekaripiwa aliinamisha kichwa hata kama hakula. Kwa hiyo tunachokiona kwenye ule uso ni mbwa anayejaribu kututuliza. Hata kupiga miayo wakati halali, au kulamba midomo wakati hakuna chakula, mara nyingi ni wasiwasi.

Nikaanza upya. Neno “njoo” nilikuwa nimeshaliharibu, nikaliacha. Nikachagua mluzi. Mfukoni dagaa wakavu, maana harufu yake inafika mbali na mmoja tu anatosha. Siku za kwanza sikumwita kabisa: napiga mluzi, namrushia dagaa, naendelea na shughuli zangu. Baadaye hatua mbili, kisha tano. Nachuchumaa na kugeuka upande, kwa sababu mtu mzima aliyesimama wima akimkodolea macho mbwa anatisha. Akifika, dagaa papo hapo. Ukichelewa hata sekunde chache, anaweza kudhani amezawadiwa kwa kile alichofanya mwisho, labda kukurukia.

Nilijifunza kuita mara moja tu. Mdogo wangu alikuwa anaita “Jimi, Jimi, Jimi, Jimi!” mpaka jina likawa kama kelele za redio. Asipokuja, maana yake umemwita kutoka mbali mno au mahali penye vishawishi vingi, basi rudi nyuma hatua chache. Hapo kamba ndefu inasaidia, siyo ya kumvuta, ila ya kumzuia asiende zake. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Akichoka haelewi kitu.

Lingine ambalo wengi hatulijui: usimwite kwa ajili ya kumfunga tu. Mwite, mpe chake, halafu mwachie aendelee kucheza. La sivyo atajua kwamba mluzi ndio mwisho wa raha. Na hata akikuchelewesha saa nzima, akifika usimpige. Meza hasira yako. Hili lilinishinda kuliko yote, nakiri.

Wenzangu wa nyumbani nao ilibidi tukubaliane. Baba alisema mbwa akibembelezwa halindi nyumba. Sikubishana naye. Ila baada ya wiki tatu nilimkuta ameketi uani na Jimi, anampa vipande vya ugali kimoja kimoja, akasema eti anamkagua meno. (Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma ndani.)

Wiki ya mwisho ya likizo nilipiga mluzi nikiwa mlangoni. Jimi alikuwa mbali, kwenye mahindi. Akaja mbio, akakaa mbele yangu, nikamvalisha kamba bila kumlazimisha. Tukatembea mpaka ofisi ya mifugo ya kata. Sindano ilipoingia alilia kidogo, akanisogelea, akaficha pua kwapani mwangu. Nikampa dagaa wote waliobaki. Kwa kuku wa jirani, hata hivyo, mluzi bado haufui dafu.