Mapatano Yaliyopatikana kwa Uongo

Watu wakiisha kupatana na kutia sahihi, mapatano huwafunga. Korti haiyatangui kwa kuwa mmoja amejuta. Lakini akiwa mmoja alidanganya?

Katika Uingereza mfanyakazi aliumia mgongo mwaka 1998. Kampuni ya bima ya mwajiri ilishuku kuwa anazidisha maumivu, hata ikampiga picha kwa siri; walakini mwaka 2003 ilikubali kumlipa pauni 134,973. Mwaka 2005 majirani wakaeleza kwamba alikuwa amekwisha kupona mwaka mzima kabla ya mapatano. Jaji akaona haki yake ni pauni 14,720 tu.

Alijitetea kwamba aliyeshuku hakudanganyika; na Mahakama ya Rufani, ajabu, ikakubali. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilikataa: si lazima mtu awe aliuamini uongo, yatosha kwamba ulimvuta apatane. Kampuni ilichelea kwamba jaji angemsadiki mdai. Mapatano yakavunjwa.

Kwetu Kenya nako, amri ya korti iliyotolewa kwa ridhaa ya pande mbili yaweza kutanguliwa ikiwa ilipatikana kwa hila. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisema hivyo mwaka 1952. Bali mwenye kudai hila ndiye apasaye kuithibitisha.